Jibu: Rangi ya chale inayochanganyika na kugoma kutoka

Ndugu, umeuliza kwa nini rangi yako nyeupe ya kujipaka usoni kama chale, yaani mchekeshaji, hugeuka waridi inapokutana na nyekundu, na kwa nini sabuni hushindwa kuiondoa. Chanzo ni kimoja: mafuta yaliyomo katika rangi hiyo.

Rangi ya mafuta haikauki yenyewe, bali hubaki laini usoni mpaka ishikizwe kwa poda. Anza na nyeupe, uipake kwa tabaka jembamba huku ukiacha wazi sehemu zitakazopakwa nyekundu na nyeusi, kisha uigongegonge kwa ncha za vidole, bila kusugua, hadi michirizi ipotee. Tia poda isiyo na rangi ndani ya soksi safi, uifunge, upigepige nayo uso mzima, usubiri dakika chache, halafu upanguse ziada kwa brashi laini. Ukigusa shavu na kidole kikatoka kikavu, ndipo uendelee na nyekundu, kisha nyeusi. Wanaoanza hupaka nyingi mno, na tabaka nene hupasuka kwenye mikunjo ya mdomo mara tu unapocheka, jambo ambalo chale hawezi kuliepuka.

Wakati wa kuiondoa, usianze na maji. Paka mafuta ya watoto, yaache yalainishe rangi, upanguse kwa tishu na kurudia mpaka tishu itoke safi, ndipo unawe kwa sabuni isiyo kali. Karibu na macho, tumia pamba ukiwa umefumba.

Rangi ya kuchorea picha, hata ikiandikwa kwamba haina sumu, usiipake usoni.