Kompyuta inayoganda mchana na kupona usiku: pima sloti kabla ya kununua RAM

Ndugu yangu wa Lindi, umeeleza kwamba kompyuta yako ya mezani yenye prosesa ya Intel Core 2 Duo na vipande viwili vya RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, vya GB 2 kila kimoja, huganda au huleta skrini ya bluu mara mbili tatu kwa wiki, kwamba fundi amekwisha kukuwekea Windows upya mara mbili, na kwamba sasa unashauriwa ununue RAM mpya. Nakuomba usinunue kwanza. Nina duka la steshenari hapa Mtwara, Chikongola, na tatizo kama hilo lilinisumbua karibu msimu mzima wa korosho kwenye mashine niliyokuwa nikichapia orodha za wakulima, hivyo nitakueleza nilikopita, pamoja na mahali nilipopotea njia.

Kabla ya kipimo chochote, okoa mafaili yako. Wengi huogopa kuganda, lakini kuganda ni hasara ndogo, kwa sababu unaiona. Kila unachokiandika hupita kwenye RAM kabla ya kufika kwenye hadidiski, na RAM inayokosea inaweza kugeuza tarakimu bila kutoa onyo lolote. Mimi nilishtuka siku mafaili ya zipu niliyoyahifadhi mwenyewe yalipokataa kufunguka, nikalazimika kurudi kwenye karatasi na kulinganisha orodha nzima mstari kwa mstari. Kwa hiyo zima mashine, chomoa hadidiski, ipachike kwenye kompyuta nyingine iliyo nzima, kisha nakili kazi zako huko. Ukinakili kwenye mashine hiyohiyo, nakala nayo itapita kwenye RAM ileile unayoishuku.

Baada ya hapo tumia Memtest86+, programu ya bure inayowekwa kwenye flashi na kuwaka yenyewe bila kuhitaji Windows. Ipo pia zana ya Windows inayoitwa kwa amri ya mdsched, nayo inafaa kwa kuanzia, lakini kwa hitilafu inayokuja na kuondoka naiamini zaidi ile ya kwanza, kwa kuwa inaweza kuachwa ikizunguka usiku kucha na mchana kutwa. Usiridhike na mzunguko mmoja. Mashine yangu ilipita mizunguko yote ya usiku bila kosa hata moja, nikaamini RAM ni nzima, kumbe ilikuwa ikikosea kati ya saa saba na saa kumi alasiri, wakati wa joto la kaskazi ambapo chumba changu hakina hewa. Ipime saa zilezile inapokusumbua, ikiwa na kava lake limefungwa kama kawaida. Kosa moja tu likitokea, lihesabu kuwa ni kosa kamili.

Sasa nifike mahali nilipokosea. Mashine yangu ilikuwa na kipande kimoja tu, kwenye sloti (nafasi ya kupachikia RAM) ya kwanza, na Memtest86+ ilipoonyesha makosa nilihukumu kipande palepale. Nikanunua kingine, kile cha zamani nikampa mdogo wangu aliyeko Newala, ambaye alikitumia bila tatizo lolote. Nilijieleza kwamba huenda ni ubaridi wa uwanda wa juu wa Makonde unaokisaidia. Siku ya tisa, kipande changu kipya kilianza kutoa makosa yaleyale. Hapo ndipo nilipofanya kile nilichopaswa kukifanya mwanzo: kupima kipande peke yake katika kila sloti. Kwako wewe, vipande viwili na sloti mbili ni vipimo vinne; kila kimoja kipe saa nyingi, ukiandika kwenye daftari kipande, sloti, saa na idadi ya makosa. Makosa yakikifuata kipande kila unakokihamishia, kipande ndicho kibovu. Yakibaki kwenye sloti moja bila kujali kipande kilichomo, tatizo liko kwenye sloti au mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta. Kwangu yalibaki kwenye sloti ya kwanza.

Nilipoimulika kwa tochi niliona meno yake yameingia ukungu wa kijani, kutu ya shaba. Sisi tunaoishi karibu na bahari tunajua upepo wa chumvi unavyokula mabati na misumari, na ndani ya kompyuta hali si tofauti sana, hasa mashine ikiwa imekaa miaka karibu na dirisha lililo wazi. Mgusano ukiwa dhaifu, joto likitanua vitu kidogo tu, jino moja kati ya yale 240 ya kipande hupoteza mawasiliano, kisha mashine ikipoa hurudi. Chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kava ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha safisha meno ya kipande kwa raba laini ya penseli, taratibu, maana ule upako wa dhahabu ni mwembamba sana. Pangusa kwa spiriti safi ya isopropili, si ile yenye rangi, ambayo huacha utando. Sloti yenyewe isafishe kwa brashi laini iliyoloweshwa kidogo, uiache ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Usafi huo ulinipa wiki sita tu za utulivu kabla ya makosa kurudi, kwa hiyo usitangaze ushindi mapema.

Kwa Core 2 Duo kuna jambo moja ambalo mafundi wengi hulisahau. Katika mashine za Intel za kizazi hicho, kidhibiti cha RAM, yaani sehemu inayoiendesha, hakimo ndani ya prosesa. Kiko kwenye chipu iliyo juu ya mazabodi, chini ya kipande cha alumini kilicho karibu na prosesa. Intel ilianza kukihamishia ndani ya prosesa za mezani mwaka 2008, kwenye Core i7 za kwanza. Kwa hiyo vumbi likijaa juu ya alumini hiyo, au pesti ya joto chini yake ikikauka, RAM nzima inaweza kuonekana mbovu. Dalili yake ni kwamba makosa hutokea katika sloti zote na kwa vipande vyote, lakini baada ya mashine kupata moto tu.

Vipande vyote vikipita kila kimoja peke yake na kukosea vikiwa pamoja, geukia umeme. Tazama kapasita, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme, kuzunguka prosesa na sloti: vichwa vyake vinapaswa kuwa bapa, na vilivyovimba au kuvuja vinahitaji kubadilishwa. Pima pawa saplai kwa mita ya umeme wakati mashine inafanya kazi. Laini ya volti 12 isishuke chini ya 11.4, na ya volti 5 isishuke chini ya 4.75. Angalia pia betri ya CR2032, kwa sababu ikiisha, mipangilio ya BIOS, programu inayoiwasha mashine, hurudi ya kiwandani na kufuta kasi ya RAM kama uliipunguza kwa makusudi.

Ikithibitika kuwa kipande ni kibovu, hapo nunua, ukihakikisha kwanza kama mashine yako inatumia DDR2 au DDR3, ambavyo ni vizazi viwili tofauti vya RAM. Zote mbili zina meno 240, lakini pengo la katikati haliko mahali pamoja na volti zake ni tofauti, 1.8 kwa 1.5, hivyo kikikataa kuingia usikilazimishe.

Mashine yangu sasa inatumia kipande kimoja kwenye sloti ya pili, na ile ya kwanza nimeiziba kwa karatasi ngumu ili mtu asije akaitumia. Ukimaliza vipimo vyako vinne, niandikie makosa yalikifuata kipande au yalibaki kwenye sloti, na yalitokea saa ngapi.