Jenasi ya mimea iliyotoweka: kilichotoweka ni kipi?

SWALI: Naandaa maelezo ya picha ya kisukuku (mabaki ya kale yaliyohifadhika mwambani) cha mmea uitwao Archaefructus kwa wanafunzi wangu. Nimeandika: "Hii ni jenasi ya mimea inayochanua maua iliyotoweka." Mwalimu mwenzangu anasema sentensi ina kasoro, ila hawezi kuionyesha. Iko wapi?

JIBU: Mwenzako ana sikio zuri. Tazama "iliyotoweka". Jenasi, yaani kundi la spishi zenye uhusiano wa karibu, iko katika ngeli ya I-ZI, hivyo tunasema jenasi iliyotoweka. Mimea ni wingi katika ngeli ya U-I, nayo pia tunasema mimea iliyotoweka. Kiambishi ni kilekile, basi mwanafunzi anaweza kukipachika kwenye mimea na kuelewa kwamba mimea yote ya maua imekwisha duniani, hali mwembe wa nyumbani kwao umejaa maua. Kilaze kitenzi ubavuni mwa neno lake: "jenasi iliyotoweka ya mimea". Zingekuwa jenasi nyingi, utata ungeisha wenyewe, maana ungeandika "zilizotoweka".

Mimi linalonisumbua zaidi ni "inayochanua". Kuchanua ni kufunguka: tumba la waridi huachia, petali zikatandazika. Archaefructus, iliyopatikana Liaoning, kaskazini-mashariki mwa China, katika miamba ya takriban miaka milioni 125, haikuwa na petali wala sepali, vile vijani vinavyolifunika tumba. Iangalie tena hiyo picha yako. Utaona kibua chembamba cha mmea wa majini, majani yaliyogawanyika kama nyuzi, na juu vifuko vya mbegu vimepangana mithili ya maganda machanga ya choroko. Stameni, sehemu za kiume zitoazo chavua, ziko chini ya vifuko hivyo. Cha kufunguka hakipo! Mtaalamu wa visukuku vya mimea Sun Ge na wenzake, walioitangaza mwaka 1998, waliihesabu katika mimea ya maua kwa sababu mbegu zake zimefungiwa ndani ya tunda. Ndiyo maana jina lake, lililoungwa kwa Kigiriki na Kilatini, maana yake ni tunda la kale. Kwa hiyo andika "itoayo maua", au "ya maua" tu. Kuchanua tuwaachie waridi na mwasumini.

"Toweka" usiiguse. Kuna watu huweka "potea" mahali pake, lakini mbuzi aliyepotea bado anatafutwa, na jioni huenda akarudi zizini.

Maelezo yako basi yasomeke: "Archaefructus, inayojulikana kwa visukuku vyake tu, ni jenasi iliyotoweka ya mimea itoayo maua."