Mbege hupangwa kuanzia siku ya kunywa: kwa mnaoanza kupika

Anayeanza kupika mbege, ile pombe ya Wachagga ya ndizi na ulezi, huuliza vipimo kwanza. Ndizi kilo ngapi, ulezi kilo ngapi, msesewe (gamba la mti la kutia uchungu) kiasi gani. Vipimo nitavitoa hapa chini, wala si siri ya mtu. Lakini mbege nyingi zinazomwagwa mtaroni hazikuharibiwa na vipimo, ziliharibiwa na siku. Hii si bia ya kiwandani inayokaa kabatini miezi ikikusubiri. Ukiichota mapema ni uji mtamu, ukiiwahi siku yake ndiyo mbege yenyewe, na kesho yake imeshaanza kuelekea kwenye siki. Kwa hiyo kabla hujanunua hata mkungu mmoja, weka alama kwenye siku ya kunywa, kisha rudi nyuma siku kwa siku. Mpishi mzuri wa mbege anajua kuhesabu siku kuliko anavyojua kuonja.

Sababu yenyewe ni kwamba mbege ni vitu viwili vinavyopikwa kila kimoja kwa wakati wake, vikakutana mwishoni. Kuna nyalu, yaani maji ya ndizi zilizoiva yaliyochemshwa na kuachwa yachachuke. Kuna mso, uji wa kimea cha ulezi, yaani ulezi uliooteshwa ukakaushwa na kusagwa. Nyalu inataka siku kadhaa, mso unataka saa chache tu, lakini kimea cha kutengenezea huo mso kinataka wiki nzima. Na ndizi nazo zinaiva kwa ratiba yao, haziangalii sherehe yako ni lini. Vyote hivyo ndivyo unavyotakiwa kuvifikisha mlangoni siku moja.

Nianze na kimea, na nitakaa hapo muda mrefu kwa sababu ndipo wanaoanza wanapoharakisha.

Ulezi uwe wa msimu uliopita, si wa miaka miwili iliyokaa ghalani. Usinunue kamwe ulezi wa mbegu kutoka duka la pembejeo: ule wenye rangi umepakwa dawa, haufai kuingia mdomoni. Kabla ya kuloweka mzigo wote, chukua punje 100, zifunge kwenye kitambaa kibichi, zihesabu baada ya siku mbili. Zikiota 90 na zaidi, endelea. Zikiota 60, rudisha ulezi kwa mwenyewe, kwa maana zile 40 zisizoota hazikai kimya, zinaoza katikati ya nyingine na kuleta ukungu.

Loweka usiku mmoja, badilisha maji hata mara mbili, chuja, kisha tandaza juu ya gunia safi au majani ya mgomba na ufunike. Geuza asubuhi na jioni. Ulezi unaoota hutoa joto, na ukiuacha umerundikana utajipika wenyewe katikati. Siku ya pili au ya tatu utaona vijizizi vyeupe. Vikizidi kidogo urefu wa punje, imetosha. Ukingoja zaidi, mmea unakula ile sukari uliyoitaka wewe. Anika juani, utandaze mwembamba, mpaka punje ikivunjwa kwa meno ilie.

Sasa ukungu. Vijizizi vya ulezi ni vyeupe na vyembamba, na mgeni wa kazi hii anaweza kuvidhania ukungu, au akadhania ukungu kuwa ni vijizizi. Tofautisha kwa rangi na harufu. Kijani, kijivu au cheusi, pamoja na harufu ya nguo iliyosahauliwa kwenye beseni, huo ni ukungu, na dawa yake ni moja tu: tupa. Usijipe moyo kwamba moto utaua. Moto unaweza kuua ukungu wenyewe, lakini sumukuvu iliyokwisha kutengenezwa haiondoki kwa kuchemshwa. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Wala usimpe ng'ombe kimea hicho kwa kuona huruma ya kukitupa, kwa sababu sumu inapita hadi kwenye maziwa.

Kimea kilichokauka vizuri kinakaa wiki nyingi ndani ya chombo kikavu. Hilo ni jambo la kulishika sana kwa anayepanga mbege ya Krismasi, wakati Wachagga wanaporudi nyumbani kutoka kila pembe. Desemba Kilimanjaro mara nyingi vuli bado inanyesha. Ukisubiri hadi wiki ya pili ya Desemba ndipo uloweke ulezi, jua unalolitegemea huenda usilione, na kimea kisichokauka ndicho hicho kinachoota ukungu. Tengeneza kimea chako Septemba au mapema Oktoba, kihifadhi, kakisagishe karibu na siku.

Ndizi hazina maneno mengi. Ndizi ng'ombe ndiyo inayofaa zaidi kwangu. Kisukari zikizidi shambani nazo zinaingia, ila mbege inakuwa tamu kuliko wengine wanavyopenda. Mchare uache kwa ajili ya mtori. Kata mikungu iliyokomaa, ivundike ghalani au darini juu ya jiko, na kwa kawaida wiki moja inatosha, baridi ikizidi ongeza siku. Zinazotakiwa ni zile za njano zenye madoadoa meusi. Yenye kijani ina wanga ambao haujageuka sukari, na utashangaa mbege haina nguvu ilhali ndizi zilikuwa nyingi.

Kwa lita 20 za mbege, yaani debe moja, natumia ndizi kilo 9 zikiwa zimeshamenywa, unga wa kimea kilo 2 na nusu, na msesewe uliotwangwa kijiko kimoja cha mezani kisichojaa sana. Anza hapo, kisha rekebisha ukishaijua ladha ya watu wako.

Chemsha ndizi kwenye maji kama lita 14, kwa moto wa wastani, saa kadhaa, mpaka rangi igeuke kuwa ya kahawia inayoelekea wekundu na harufu iwe ya sukari iliyoungua kidogo. Hapa kuni zinaliwa, na wapo wanaopunguza saa ili kuokoa kuni. Nimeonja nyalu za namna hiyo. Zinachachuka, ndiyo, lakini hazina ule uzito mdomoni. Zikiiva, ziache zipoe zenyewe zikiwa zimefunikwa, kisha hamishia kwenye chombo cha kuchachulia.

Hapa hamira haitiwi na mtu. Inakuja yenyewe, kutoka hewani, kwenye kitambaa, na hasa kutoka kwenye chombo kilichopikiwa mbege miaka yote. Viwanda vikubwa vinatumia hamira ya ukoo mmoja tangu Emil Christian Hansen alipoitenga kwenye maabara ya Carlsberg, Denmark, mwaka 1883. Sisi tunafanya kazi na kundi zima, hamira za aina nyingi pamoja na bakteria wanaoleta uchachu, na ndiyo maana mbege ya boma moja haifanani na ya boma la jirani. Ukiwa na chombo kipya, au unapikia mjini ambako hakuna chombo cha ukoo, omba kikombe cha nyalu nzuri kwa mtu aliyepika wiki hiyo, utie kama mbegu. Hamira ya mkate inafanya kazi pia, kwa kuwa ni ya jamii ileile. Mimi siipendi, inakimbia haraka na kuacha harufu ya mandazi, lakini mtu aliye Dar es Salaam au ughaibuni asiyekuwa na njia nyingine simlaumu.

Nyalu ikae siku nne hadi saba, na tofauti hiyo yote inatokana na baridi. Mtu wa Moshi mjini mwezi wa Januari na mtu wa Marangu mwezi wa Julai hawawezi kufuata ratiba moja hata wakitumia ndizi za mgomba mmoja. Pima joto la pahali unapoweka chombo, uliandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Ukipika mara nne au tano ukiandika, utakuwa na ratiba ya nyumba yako mwenyewe, na hiyo ina thamani kuliko maelezo yangu yote. Nyalu ikiacha kutoa povu kwa nguvu na utamu ukipungua, chuja. Kitambaa safi cha pamba kinatosha. Usikamue kwa hasira, utapitisha makapi na uchungu wake.

Mso unapikwa siku ileile ya kuchanganya. Koroga unga wa kimea kwenye maji ya baridi kama lita 8, weka jikoni, na upandishe moto polepole. Usiurushe kwenye maji yanayochemka kama unavyosonga ugali. Kimea kina vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, navyo vinafanya kazi vizuri kwenye joto la nyuzi 60 hadi 65 hivi. Maji yakichemka vimeshakufa. Ukiwa na kipima joto, shikilia hapo nusu saa. Utaonja mwenyewe uji ukigeuka mtamu bila kutiwa chochote, na mwepesi kuliko ulivyokuwa. Wazee waliopika kwa moto wa kuvutavuta walikuwa wakilifanya jambo hilohilo. Baada ya hapo ndipo uuchemshe sawasawa, na msesewe uingie.

Msesewe ni gamba la mti ambao wataalamu wa mimea wanauita Rauvolfia caffra. Ndio unaoleta uchungu, kazi ileile ambayo kwenye bia za Ulaya inafanywa na maua ya hopi. Nunua kwa mtu unayemwamini, likiwa gamba zima kavu, ulitwange mwenyewe; unga uliokwisha kusagwa huwezi kujua umechanganywa na nini. Na usizidishe kwa kutafuta sifa ya ukali. Miti ya jamii hiyo ina kemikali zinazogusa presha na mapigo ya moyo, na wageni wako watakuwa na wazee wanaomeza dawa za presha. Uchungu ubaki kwa mbali, nyuma ya utamu wa ndizi.

Mso upoe mpaka uwe vuguvugu, chini ya nyuzi 30, ndipo uchanganywe na nyalu. Ukiuharakisha ukiwa moto unaua hamira uliyoilea wiki nzima, na hapo hakuna cha kuokoa. Acha robo ya chombo wazi kwa ajili ya povu, funika kwa kitambaa, usifunge kwa kifuniko cha kukaza. Kwenye chupa za kioo usijaze kabisa. Hewa inayotoka inaweza kupasua chupa mkononi mwa mtu. Kwenye joto, mbege inakuwa tayari kesho yake. Kwenye baridi huenda ikadai siku moja zaidi. Na ingawa mchanganyiko wa saa za kwanza ni mtamu kama togwa, nyalu iliyomo imeshachacha, kwa hiyo usiwape watoto.

Kuhusu vyombo, neno ni kali kidogo. Mapipa ya plastiki yawe ya chakula, si yaliyobeba dawa za kahawa, hata yakioshwa kwa sabuni mara kumi. Mapipa na ndoo za mabati usichachulie pombe ndani yake: uchachu unayeyusha zinki, na watu wanatapika. Chuma nacho kina madhara yake ya polepole. Kusini mwa Afrika madaktari waliwakuta watu wenye madini ya chuma yaliyozidi kwenye ini, kwa miaka mingi ya kunywa pombe iliyotengenezewa kwenye vyombo vya chuma. Mbao, plastiki ya chakula, chuma kisichoshika kutu, hivyo vinatosha. Osha, suuza kwa maji yaliyochemka, anika juani.

Wenye haidromita, kifaa cha kupima uzito wa kinywaji ukilinganisha na maji, wataniuliza kuhusu nguvu ya kilevi. Chuja vizuri kabla ya kupima, maana makapi ya ulezi yanadanganya kipimo. Ukianza na 1.040 na ukaishia 1.010, una takriban asilimia 4, kiasi cha bia ya kawaida. Sisemi mbege lazima ifike hapo. Na ukitaka kuiuza, hata kwa vikombe vichache mlangoni, kwanza ulizia leseni katika halmashauri yako. Kupika kwa ajili ya familia na kufanya biashara ni mambo mawili tofauti mbele ya sheria. Gongo usiiguse, kuichemsha bila leseni ni kosa.

Kwa anayetaka kuona kalenda yote mahali pamoja, huu ndio mpango wangu wa mwisho wa mwaka huu, debe mbili za kunywewa tarehe 26 Desemba mchana. Kimea kimeshakauka tangu Oktoba, kiko kwenye ndoo. Mikungu itakatwa tarehe 12, wiki ya kuvundika pamoja na siku moja ya akiba. Tarehe 20 kumenya na kuchemsha, ndizi kilo 18, na kuni zitakuwa zimepasuliwa siku moja kabla. Unga utasagishwa tarehe 23, kwa sababu mkesha wa Krismasi mashine zinajaa foleni. Tarehe 25 asubuhi kuchuja nyalu, mchana kupika mso, jioni kuchanganya. Debe moja litakuwa la ulezi mtupu. La pili nitatia theluthi ya kimea cha mtama mwekundu. Huko Kagera mtama ndio unaoingia kwenye rubisi, pombe yao ya ndizi, nami nataka kujua utafanya nini kwenye nyalu ya huku. Madebe yote mawili yatawekwa chumba kimoja, kwa joto lilelile, na msesewe wa kiasi sawa, la sivyo sitajua tofauti imeletwa na mtama au na kitu kingine.