Ipe Zelda II fursa ya tatu

Kila nikitaja gemu ninayoipenda kuliko zote katika The Legend of Zelda, mfululizo wa gemu za video za Nintendo, kuna atakayecheka. Nikisema ni Zelda II: The Adventure of Link, ananiuliza kama niliwahi kuimaliza au natafuta ubishi tu. Nimeimaliza, tena zaidi ya mara moja. Ila kabla ya hapo niliitupa mara mbili, na mara zote mbili niliapa kwamba walioitengeneza ndio waliokosea. Kwa hiyo haya namwandikia aliye pale nilipokuwa mimi: umeianza, umekufa mara kumi ndani ya nusu saa, na kidole kimeshafika kwenye kitufe cha kuzima.

Gemu ya kwanza ilitoka Japani Februari 1986. Unamtazama Link, shujaa unayemwongoza, kutoka juu, kama mwewe anavyotazama vifaranga. Unazurura, unachoma vichaka, unalipua kuta, unaokota vitu. Mwaka haujatimia, Januari 1987, ikaja ya pili na mambo yakageuka. Ramani bado unaiona kutoka juu, lakini ukigusana na adui, au ukiingia mjini, pangoni au kwenye kasri, unashushwa chini na kumwona Link kwa ubavu: anaruka, anainama, anachoma kwa upanga. Kuna alama za uzoefu za kukusanya. Kuna maisha matatu, na yakiisha unarudishwa kule kwenye kasri la kaskazini ulikoanzia, hata kama ulikuwa umeshavuka bahari.

Walioipenda ya kwanza waliona wameuziwa mbuzi kwenye gunia. Si kwamba haikununuliwa. Nakala zake zilizouzwa zilipita milioni 4. Sifa ndiyo iliyochafuka taratibu. Ilipofika 1991, gemu ya tatu, A Link to the Past, ikarudi kwenye mtazamo wa juu, zilizofuata zikajengwa juu ya hiyo, na Zelda II ikabaki kama mtoto wa nje: inatajwa kwa heshima ya ukoo, lakini haialikwi harusini.

Kosa langu lilikuwa moja, nami naamini ndilo la wengi. Nilikuwa nacheza gemu ya kwanza ndani ya gemu ya pili. Nilikimbia. Nilidhani adui ni kizuizi kati yangu na hazina, nikitaka kumpita haraka nikatafute kitu cha maana. Upanga wa Link humu ni mfupi kama kisu cha kumenyea machungwa. Ukikimbia nao mbele ya watu wenye ngao, utakufa, na utastahili.

Jambo lililonibadilisha lilitokea kwenye kasri la kwanza, lile la jangwa la Parapa, mbele ya askari anayeitwa Iron Knuckle. Ni shujaa wa deraya, mzito, ana upanga na ngao, na hana haraka. Nikisimama, ananisubiri ameinua ngao. Nikiinama nimchome miguuni, ngao inashuka pamoja nami. Nikiinuka, inainuka. Mara ya kwanza na ya pili nilibonyeza kitufe kwa hasira mpaka nikafa. Mara ya tatu, kwa uchovu tu, niliacha kubonyeza nikamtazama. Nikagundua ananitazama pia. Ngao yake inafuata mwili wangu, lakini inachelewa kidogo sana, kama mtu anayeitikia salamu akiwa na mawazo yake. Nikaruka, na wakati wa kushuka, upanga ulipofika usawa wa uso wake, nikachoma. Ukaingia. Nikarudi nyuma hatua moja, nikazuia pigo lake, nikaruka tena. Ukaingia tena.

Pale ndipo nilipoelewa nimeshika nini mkononi. Hii ni gemu ya watu wawili wenye panga ndani ya ukumbi mwembamba, na kila adui ana swali lake la juu au chini. Miji, mapango, milima, vyote ni njia ya kukupeleka kwenye pigano linalofuata ukiwa umeiva kidogo zaidi.

Basi ushauri wangu wa kwanza: ukimkuta Iron Knuckle wa kwanza, usimpite. Kaa naye. Ukimuua, toka chumbani, rudi, umkute tena. Fanya hivyo mpaka uweze kumuua bila kuguswa. Ukifika kwenye kasri za mbele utakuta ndugu zake, wekundu na wa buluu, na wale wa buluu wanarusha mapigo kutoka mbali huku wakiruka wenyewe. Asiyejifunza kwa mdogo mtu atajifunza kwa mkubwa, na mkubwa hana subira.

La pili ni hesabu. Kuna ngazi za aina tatu: nguvu ya upanga, uchawi na uhai, kila moja inapanda hadi 8. Mwanzoni ngazi inayofuata ya uhai inahitaji alama 50, uchawi 100, upanga 200. Ukifikisha 50 gemu inakuuliza kama unataka kupanda, na mgeni yeyote anasema ndiyo. Mimi pia nilisema ndiyo. Lakini unaruhusiwa kukataa na kuendelea kulimbikiza. Kataa. Subiri 200, upandishe upanga. Adui aliyekuwa anakufa kwa mapigo manne akianza kufa kwa machache, anapata nafasi chache za kukugusa, na hiyo ni kinga bora kuliko uhai wenyewe. Hatari ni kwamba maisha matatu yakiisha, alama ulizolimbikiza bila kuzitumia zinapotea zote. Ngazi ulizokwisha panda zinabaki. Shukuru, kwa sababu toleo la Japani lilikuwa katili zaidi: huko ngazi zako zote zinashushwa hadi usawa wa ile ya chini kabisa.

Kuna ujanja mmoja hapa ambao laiti ningeambiwa mapema. Ukimuua bosi wa kasri na kuiweka fuwele kwenye sanamu, kazi iliyokuleta kasrini, gemu inakujazia alama mpaka ngazi inayofuata, hata kama ulikuwa na sifuri. Kwa hiyo usimalize kasri ukiwa umebakiza alama kidogo tu upande ngazi. Utakuwa umeipoteza zawadi. Tafuta adui wachache kwanza, panda mwenyewe, kisha nenda ukaweke fuwele. Ngazi za mbele zinahitaji maelfu ya alama, na hapo ndipo zawadi hiyo inapokuwa tamu.

Kwenye ramani, tembea barabarani. Wale maadui weusi wanaojitokeza na kukufukuza, wakikugusa ukiwa juu ya barabara hakuna vita, unavuka tu. Nilicheza miezi bila kujua hili. Vidoli vidogo vyenye sura ya Link vinakuongezea maisha, lakini ukishakichukua kimoja hakirudi tena, kwa hiyo acha uchu. Kumbuka kilipo, uje ukichukue siku unayoelekea kwenye kasri la mwisho.

Sasa niseme ukweli kuhusu ubaya wake, maana mtetezi anayeficha kasoro za mteja wake haaminiki. Kuna mambo humu ambayo hakuna binadamu angeyakisia kwa haki. Kuna mji mzima, Kasuto mpya, umefichwa msituni na unaupata kwa kukata miti kwa nyundo. Kuna kasri linalotokea ukipiga filimbi katikati ya mawe matatu. Katika mji wa Ruto kuna jamaa mnene anayekwambia kwamba jina lake ni Error, basi, na wengi waliamini gemu imeharibika. Kumbe ni utani: kuna mwingine msituni karibu na mji wa Saria anaitwa Bagu, yaani Error na Bug, majina mawili ya hitilafu za kompyuta, na utani wenyewe umepotea nusu kwenye tafsiri. Bila barua ya huyo Bagu, hutashushiwa daraja la Saria. Mambo ya namna hii yatafute kwenye mwongozo bila aibu yoyote. Jasho lako litunze kwa ajili ya upanga.

Na Death Mountain, mlima wenye mapango yaliyosukana kama utumbo, ambao unatakiwa kuupita mapema mno ili ukachukue nyundo! Wale mamba warusha mashoka walinitoa machozi. Sitautetea mlima huo. Nitasema tu: nenda ukiwa na mshumaa wa kasri la kwanza, pandisha upanga kabla ya kwenda, na uwe na ramani pembeni.

Ukitoka huko ukiwa mzima, nenda mji wa Mido. Tumia uchawi wa kuruka, ingia kwa dirisha la juu la mnara wa kanisa, na mle ndani shujaa mmoja atakufundisha kuchoma kuelekea chini ukiwa hewani. Hapo gemu inabadilika mikononi mwako. Adui uliyekuwa unamkimbia sasa unamdundia kichwani kama mtoto kwenye kitanda cha kamba. Baadaye, katika mji wa Darunia, utafundishwa kuchoma kwenda juu. Pigo la chini wengi mnalijua bila kujua asili yake: ndilo analolitumia Link katika Super Smash Bros. Melee, gemu ya mapigano ya wahusika wa Nintendo, anaposhuka na upanga miguuni. Humo humo, ule wimbo wa uwanja wa Temple umetoka Zelda II. Ni wimbo wa kasri alioutunga Akito Nakatsuka. Nimewahi kumwona mtu akiuimba kwa mluzi huku akiiponda gemu iliyouzaa.

Si hayo tu iliyoacha. Mstari wa uchawi unaopungua ukiutumia ulianzia hapa. Triforce ya Ujasiri, kipande cha tatu cha hazina takatifu ya mfululizo huu, ilianzia hapa. Majina Rauru, Ruto, Saria, Nabooru na Darunia, ambayo watu wanayapenda kutoka Ocarina of Time, gemu nyingine ya Zelda ya 1998, yalikuwa majina ya miji humu miaka kumi na moja kabla. Kivuli cha Link anayepigana na Link mwenyewe pia ni mzaliwa wa hapa. Mtoto wa nje ndiye aliyejenga nusu ya nyumba.

Kuna kitu kingine ambacho sikukiona mpaka nilipoizoea. Tumekulia kwenye imani kwamba stelingi hafi. Humu anakufa, na kufa kwake kuna maana katika hadithi. Ganon, adui mkuu wa Link, ameshauawa katika gemu ya kwanza. Wafuasi wake wanataka damu ya Link ili wamfufue. Maisha yako ya tatu yakiisha, skrini inakuwa nyekundu, kivuli cha Ganon kinatokea, na maandishi yanatangaza kwamba amerudi. Ukikosea, maadui wako wamefanikiwa kweli. Ndiyo maana nilikuwa nashika pedi kwa mikono yenye jasho kila nilipobakiza maisha moja. Sijui gemu nyingi za miaka ile zilizoweza kuifanya skrini ya kushindwa iogopeshe namna hiyo kwa maneno matatu au manne tu.

Ukiicheza leo kwenye Nintendo Switch Online, huduma ya Nintendo ya mtandaoni, una uwezo wa kuhifadhi popote na hata kurudisha wakati nyuma. Vitumie, lakini kwa kanuni. Yangu ni hii: nahifadhi mlangoni mwa kasri, na sihifadhi tena mpaka nitoke. Hivyo naepuka ule mwendo mrefu wa kutoka kasri la kaskazini, ambao kwa kweli ni adhabu isiyofundisha kitu, lakini pigano lenyewe linabaki na uzito wake. Ukirudisha nyuma kila pigo linalokupata, hutajifunza kamwe kuisoma ngao ya yule askari, na mwisho utafika Great Palace, kasri la mwisho, ukiwa na mikono ya mgeni. Huko wanakungoja bosi Thunderbird, ambaye huwezi kumjeruhi bila kumpiga kwanza na uchawi wa radi, Thunder, na baada yake kivuli chako, bila nafasi ya kupumua katikati. Kwa hiyo usiumalize uchawi njiani.

Kuhusu hicho kivuli, nikiri. Mara ya kwanza nilimshinda kwa njia inayojulikana na kila mtu: unajikunja kwenye kona ya kushoto na kuchoma bila kusimama, naye anajileta mwenyewe. Zelda, binti mfalme aliyelala usingizi, akaamka, pazia likashuka, na nilijisikia kama mwizi aliyealikwa kula karamu. Mara ya pili nikasimama katikati ya chumba. Alinishinda jioni nne mfululizo. Ya tano nikaona kitu ninachokifahamu: ngao yake inafuata mwili wangu, lakini inachelewa kidogo.