Mchanga wa mto haufai, hata ukioshwa

SWALI: Geti langu huku Kayole limeliwa na kutu. Fundi amesema atalipiga sandiblasti, yaani atalirushia mchanga wa mto kwa nguvu za kompresa ili kutu itoke. Ameuosha na kuuchekecha ili usitoe vumbi, na kijana wake atajifunga leso usoni. Rangi tutapaka wikendi ijayo. Kuna ubaya?

JIBU: Upo, ndugu yangu. Geti kwanza, maana hilo ni jepesi. Chuma kikishavuliwa kutu hushika nyingine ndani ya saa chache, hasa kukiwa na unyevu. Praima, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ipakwe siku hiyo hiyo. Ukingoja wikendi, utapaka rangi juu ya kutu mpya. Na bati jembamba likipigwa kwa nguvu zote za kompresa hupinda.

Sasa huo mchanga. Nimechoka kusikia "nimeuosha." Kuosha kunatoa udongo, basi. Vumbi linaloua halikuja na lori. Linazaliwa pale punje inapogonga chuma na kupasuka. Mchanga wa mto kwa kawaida umejaa madini yaitwayo silika, na vipande vyake vidogo kabisa, visivyoonekana kwa macho, hupita pua na koo hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwili hauwezi kuviyeyusha, na mapafu huota makovu. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, na aliye nao hushikwa na TB kwa urahisi zaidi.

Leso je? Kijana akiivua anaona imechafuka, anaamini imemkinga. Uchafu ule ni chembe kubwa, ambazo hata pua ingezizuia. Zile za hatari zimeshapita.

Uingereza ilikataza mchanga kwa kazi hii viwandani kwa kanuni za 1949. Uturuki ilipiga marufuku kufubaza jinzi kwa njia hiyo mwaka 2009, baada ya vijana wengi wa kazi hiyo kuharibika mapafu. (Ndiyo, jinzi zilizofubaa mapajani, kama zile unazochagua kwenye mitumba ya Gikomba.) Sisi bado tunaambiana kuchekecha.

Wanaoijua kazi hutumia garneti (punje za madini magumu) au punje za chuma, na anayeshika nozeli, ule mdomo unaozirusha, huvaa helmeti inayoletewa hewa safi kwa mpira. Ni ghali, na kwa geti moja la nyumbani huna haja ya gharama hiyo. Grainda yenye brashi ya waya, miwani, barakoa ya vumbi inayobana vizuri usoni, kisha praima, imekwisha.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga, na leso ya shingoni si kifaa. Lakini hata fundi akimvisha kijana wake vizuri, kuna mama wa chapati hatua chache kutoka hapo, na watoto wanaopita wakitoka shule. Hao nani amewapa helmeti? Ukiona wingu jeupe linatoka karakana ya kando ya barabara, vuka upande wa pili, halafu umwambie mwenyewe aache.