Usimlipe huyo kijana wa mitandao kabla hujasoma hapa

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza asasi yenu itumie mtandao gani, video ziwe na urefu gani na wafadhili mtawapataje, halafu mwishoni ukachomekea kwamba kuna kijana "atatufungulia peji na kuisimamia mwenyewe". Hapo ndipo mtakapoumia.

Sisi tunashughulika na wasichana walioacha shule kwa ujauzito. Tuliletewa mshauri wa mitandao mwenye maneno matamu, akasema kupigia wazazi simu ni mambo ya kizamani, kila kitu kiende Facebook. Akafungua peji kwa akaunti yake binafsi, admini akawa yeye peke yake. Daftari la namba za wazazi, ambalo mama mmoja wetu alilijaza kwa kupita kijiji kwa kijiji, likatupwa kabatini. Kila mwezi anatuletea grafu zinazopanda, nasi tunamlipa. Wafuasi wenyewe akina nani? Watu wa Dar na wa nje ya nchi. Mama wa Handeni mwenye kitochi hakuwemo.

Tarehe 24 Novemba 2021 serikali ikatangaza kuwa wasichana waliojifungua wanaruhusiwa kurudi shule za serikali. Tulichokipigania miaka yote! Shule zinafunguliwa Januari, wazazi wanatakiwa wapate habari haraka, na mshauri tumeshaachana naye kwa ugomvi wa malipo. Simu hapokei. Peji hatuwezi kuingia, na baadaye akaibadilisha jina akawa anauzia mitumba. Tukafukua daftari: panya wamekula pembeni, namba nyingi hazipatikani tena. Kuna binti tulimfikia Machi, wenzake wako darasani zamani. Mama yake akatuuliza, "Hata kunipigia tu mlishindwa?" Hatukuwa na jibu la kumpa. Mtu anayechukua hela ya asasi ya wasichana kisha anaondoka na sauti yao, mimi namwita mwizi, na wapo wengi wanazunguka na vyeti vya semina.

Orodha ya watu wenu iwe mikononi mwenu. Jina, namba, kijiji, na ridhaa ya mwenyewe, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na inawahusu. Nakala moja kwa katibu, nyingine kwa mwenyekiti, na namba zihakikiwe mara kwa mara kwa sababu watu wanabadilisha laini. Mwenye bando mtumie WhatsApp, mwenye kitochi mtumie SMS au mpigie. Uganda walifungiwa Facebook Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi. Hapa kwetu Tanzania X (zamani Twitter) ilifungwa Mei 2025, na asasi iliyokuwa na watu wake huko tu ikabaki inaongea na wenye VPN, ile programu ya kupita kizuizi.

Peji fungueni, sikatai. Ila maadmini wenye mamlaka kamili wawe wanachama wenu wasiopungua wawili, barua pepe ya asasi ndiyo isajiliwe, na uthibitisho wa hatua mbili (nywila pamoja na kodi ya pili ya kuingilia) uwashwe siku hiyo hiyo.

Kabla hujatuma advansi, mpigie huyo kijana umwambie admini wa kwanza ni katibu wenu. Akianza kuzungusha maneno, usitume hata shilingi, njoo PM nikupe mfano wa mkataba tunaotumia sasa.