Kwa wadogo zangu mlioanza benchi la damu

Wadogo zangu mlioko fildi maabara hapa Moshi, mnaojifunza kupima makundi ya damu, nawapenda. Lakini juzi nimemkuta mmoja wenu anaandika jina kwenye chupa ya damu, ile ya kifuniko cha zambarau, iliyofika maabara bila jina. Nikamuuliza, unajuaje ni ya nani? "Sista kasema." Nilinyamaza kwa kuwa ni mtoto wa watu. Leo sinyamazi.

1. Chupa isiyo na jina inarudi wodini, hata saa tisa usiku, hata sista wa leba akinuna.

2. Seli za damu ya kitovu zioshwe vizuri kwa maji ya chumvi. Ule ute wa kitovu unazishikanisha kana kwamba zimejibu kipimo, na mtoto wa O anageuka AB mbele ya macho yenu. Kupima kundi kwa seramu (maji ya damu) ya kichanga msihangaike: kingamwili mtakazozikuta humo ni za mama.

3. Mama hasi, mtoto chanya (ile Rh inayofuata herufi ya kundi): anti-D, sindano ya kumzuia mama asitengeneze kingamwili za kushambulia damu ya mtoto ajaye, ndani ya saa 72, na anachomwa mama, si mtoto. (Msicheke, nimeshaulizwa.) Kwanza Coombs ya mama, kipimo cha kutafuta kingamwili hizo, maana akiwa ameshatengeneza kingamwili, sindano hiyo haimfai kitu.

Hapa nina deni. Nilikuwa mgeni kazini, zamu ya usiku, kituo sikitaji. Leba wakaleta chupa mbili zimefungwa pamoja kwa plasta, zote zina jina la mama. Nikajiamulia: iliyojaa ya mama, hii nyingine ya mtoto. O hasi, O hasi. Nikafurahi! Majibu ya namna hiyo hayamwamshi mfamasia wala hayawatumi ndugu kuzunguka mjini kutafuta anti-D. Nikajaza kitabu kwa mwandiko mzuri kabisa. Kumbe damu ya kitovu haikuchukuliwa. Mtu aliona chupa ya mtoto iko tupu, akaijaza ya mama. Mama akaruhusiwa, akapanda zake Machame kunywa mtori.

Alirudi na mimba ya pili. Coombs chanya, na ilikolea. Kadi ya mtoto wa kwanza, aliyewahi kulazwa kwingine kwa malaria, ilisema O chanya. Nikafukua kitabu nikitamani mwandiko uwe wa mwingine. Wangu. Mtoto wa pili alianza kuwa manjano siku ileile aliyozaliwa, taa za bluu hazikufua dafu, ikabidi abadilishwe damu. Alipona. Mama aliuliza bila ukali: "Si mliniambia mimi na mwanangu damu yetu ni moja?" Mkubwa wangu alinishauri nikae kimya, kwani mama hakujua aliyepima ni nani. Sikumsikiliza. Nilimweleza mama yote, na mpaka leo naona mkubwa yule alikosea kuliko mimi.

Kwa hiyo mama hasi akitoa mtoto hasi, msishangilie. Inawezekana, ila wengi wetu huku ni chanya. Ombeni sampuli nyingine, ya kisigino, mrudie.

4. Mama O, mtoto A au B: kingamwili za mama zinaweza kushambulia damu ya mtoto, hata mzaliwa wa kwanza anaweza kupata shida, na sindano ya kuzuia hakuna. Mara nyingi ni nafuu kuliko ile ya hasi na chanya, na Coombs ya mtoto huwa hafifu au hasi kabisa, msiitumie kumwambia daktari hakuna kitu. Manjano ndani ya saa 24 za kwanza si ya kawaida. Mwambieni mama aangalie macho, fizi na nyayo kwenye mwanga wa mchana. Kule mlimani kichanga kinafunikwa mablanketi chumbani gizani, na bibi atawaambia kachukua rangi ya baba yake.

5. Damu ya kumbadilishia mtoto inalinganishwa na seramu ya mama, kwa hiyo chupa ya mama inatunzwa. Jana imetupwa moja eti friji imejaa. Toeni kwanza soda zenu.